Starlet EP82 ya mwanafunzi hapa Mbeya: bado ni gari, ila hela ya kwanza iende kwenye maji na breki

Wadau, kila mara naulizwa kama Starlet ya zamani inafaa kumnunulia mwanafunzi hapa Mbeya. Jibu langu ni inafaa, tena sana, na nasema hivo kwa sababu hii EP82 nimeiendesha mwenyewe nikiwa chuo na sasa hivi anayo mdogo wangu, anakaa Uyole anasoma MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia) pale Iyunga, yaani mji mzima anaukata kwa barabara ile ile ya Zambia, malori mbele malori nyuma. Gari inaenda, inarudi, na ikiwa na shida inakuonyesha mapema kama una macho ya kuangalia. Ila kuna vitu inabidi uvijue kabla hujatoa hela yako, maana gari ya umri huu imeshapita mikono mingi na kila mkono umeacha kitu.

Kwa wasioijua, EP82 ndo ile Toyota Starlet iliyoanza mwishoni mwa 1989 ikaenda mpaka 1995, baada yake ikaja EP91 ya 1996 mpaka 1999, halafu Toyota Vitz ikachukua nafasi. Nyingi utakazokutana nazo huku zina injini ya 4E-FE, cc 1331, EFI (mafuta yanapulizwa kwa kompyuta, sio kabureta), haina tabo. Gari yenyewe haifiki tani moja. Hiyo ndo raha yake ya kwanza kwa huku kwetu: Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo gari iliyokuwa na nguvu Dar ikifika huku inakuwa imeshapungukiwa hata kabla ya kuona mlima. Vitz ya kwanza ya cc 997 ni gari nzuri na inabana mafuta mjini sikatai, lakini mkipanda watu wanne na mabegi unaisikia inavyoteseka, Starlet yenye cc 1331 na mwili mwepesi inapanda bila kelele nyingi.

Sasa tuje kwenye maji, yaani yale ya kupooza injini, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo sehemu inayoua hizi gari. Hii yetu ilitokea Dar. Mdogo wangu alivyoanza kuitumia akawa analalamika inakunywa mafuta, asubuhi haina nguvu, ikipoa inazima kwenye mataa. Akaenda gereji moja mjini, siitaji, wakamwambia injini imechoka inatakiwa kufunguliwa yote, ringi, vali, kila kitu. Mwanafunzi, hela ya bumu (mkopo wa chuo), anaambiwa ashushe injini! Nikamwambia usitoe hata shilingi, leta gari.

Kitu cha kwanza nilichoangalia ni geji ya joto tu. Tumeendesha kutoka Uyole mpaka Mafiati, asubuhi ya mwezi wa saba, mnajua baridi ya Julai ya huku, na mshale haukunyanyuka, umelala chini kabisa. Injini isiyo na shida inatakiwa mshale upande ukae karibu na katikati utulie hapo. Tukafungua boneti, feni ya rejeta inazunguka muda wote toka unapowasha switchi, waya umeungwa direct. Tukafungua nyumba ya themostati (kile kivali kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto), ndani hamna kitu. Tupu.

Hii ni kawaida sana wakuu. Gari ikichemsha Dar, fundi mwenye haraka anatoa themostati na kuunga feni direct, mteja anaondoka anafurahi, tatizo lenyewe (mara nyingi rejeta imeziba au wota pampu imechoka) limebaki pale pale. Ukija nayo Mbeya inakuwa kama mtu anayepika na jiko la mkaa nje kwenye upepo, moto unaisha chungu hakijapata joto. Na kompyuta ya gari inasoma kwamba injini bado baridi kwa hiyo inaendelea kumwaga petroli nyingi kama vile umeiwasha sasa hivi. Plagi tulizozitoa zilikuwa nyeusi zina masizi makavu, ukipitisha kidole kinatoka cheusi tii. Hiyo ndo injini iliyokuwa inatakiwa kufunguliwa, kumbe haijawahi kupata joto la kazi.

Tulinunua themostati mpya Mwanjelwa, na nikamwonyesha dogo namna ya kuipima kabla ya kufunga, na wewe unaweza kufanya jikoni kwako. Iweke kwenye sufuria ya maji baridi, ining'inize na uzi isiguse chini, washa jiko. Za hizi Toyota nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82, na kwa mwinuko wetu maji yanachemka kama kwenye 94 hivi, kwa hiyo kabla maji hayajaanza kutokota vizuri unatakiwa kuona imefunguka. Isipofunguka rudisha dukani. Wakati wa kufunga, kale kakitobo kenye kachuma kanakocheza kakae upande wa juu ili hewa itoke, ukikageuza chini hewa inabaki ndani na gari inaweza kuchemsha hata kama kila kitu ni kipya. Feni tukaitoa kwenye waya wa direct tukairudisha kwenye swichi yake ya joto. Gasketi mpya, kulanti (maji maalumu ya rejeta) badala ya maji ya bomba, maana hedi, sehemu ya juu ya hii injini, ni alumini na maji matupu yanaila polepole kwa ndani mpaka inatoboka pembeni ya gasketi.

Na mfuniko wa rejeta, jamani. Watu wanaudharau kwa sababu ni kitu kidogo. Ule mfuniko kazi yake ni kubana presha ili maji yachemke kwenye joto kubwa zaidi, sasa huku juu ambako maji yanawahi kuchemka ukiwa na mfuniko uliolegea ndo unajikuta unapanda mlima mvuke unatoka. Angalia raba yake, ikiwa imekatika au imekuwa ngumu badilisha, na ununue wenye namba ile ile ya presha iliyoandikwa juu ya ule wa zamani. Usifungue injini ikiwa ya moto, hili nasema kwa msisitizo kabisa, maji yale yanakurukia usoni.

Baada ya hapo mshale ukapanda ukakaa, kuzima kwenye mataa kukaisha, na mafuta aliyokuwa anaweka kwa wiki sasa yanavuka wiki. Ringi hakuna aliyezigusa.

Kitu kingine ninachokipenda kwenye hii gari ni kwamba inajisema yenyewe bila laptopu. Ukimpelekea fundi mwenye mashine za kisasa atakwambia haisomi, na kweli haisomi, soketi yake ni ya zamani. Lakini kule kwenye boneti kuna kiboksi cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSIS, ukifungua kifuniko kwa ndani kuna chati ya majina ya matundu. Unachukua kipande cha waya unaunganisha TE1 na E1, unawasha switchi bila kupiga stata, halafu unaangalia taa ya cheki injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja maana yake haijaona kosa. Ikiwa na kosa inahesabu: inapepesa mara mbili, inapumzika kidogo, inapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 21 ni oksijeni sensa, 31 ni ile sensa ya vakyumu, 41 ni sensa ya throto. Soma majina ya matundu mara mbili kabla hujachomeka, ukikosea tundu unaweza kuunguza fyuzi. Sisi yetu ilitoa 22, tukabadilisha na sensa yenyewe maana soketi yake ilikuwa imejaa kutu ya kijani. Mwanafunzi anayejua hiki kitu kimoja hawezi kuuziwa sensa tatu asizozihitaji, na mi natamani kila mwenye Starlet akijue.

Misi (injini kukosa moto na kutetemeka) ya asubuhi ya masika nayo wengi wanaihangaikia sana. Hizi gari zina distibyuta (inayogawa moto kwa kila plagi) na waya za plagi, sio koili juu ya kila plagi kama kwenye Toyota IST, na unyevu wa huku hasa ukikaa maeneo ya Uyole kwenda Igawilo unaingia kwenye ufa wowote. Subiri giza liingie, fungua boneti gari ikiwa inawaka, zima taa zote angalia. Ukiona cheche za bluu zinaruka kwenye waya au kwenye kofia ya distibyuta umeshapata jibu, usishike kwa mkono. Badilisha waya seti nzima, kofia na rota, usibadilishe waya mmoja mmoja. Uzuri ni kwamba mara nyingi hivi vitu vinaingiliana na Toyota Corsa na Tercel zenye injini za 4E na 5E, kwa hiyo muuza spea akikwambia ya Starlet hamna mwambie akuangalizie ya Corsa, utashangaa inatoka kabatini.

Taiming beliti (mkanda unaoendesha vali kwa mpangilio na injini): hii injini inatumia mkanda, sio cheni kama Vitz na IST, na unabadilishwa kila kilomita 100,000. Ukinunua gari na mwenye nayo hana ushahidi wa lini ulibadilishwa, badilisha tu, na ukiwa umefungua badilisha na wota pampu kama ina mchezo au inavuja, usilipe ufundi mara mbili. Oili dumu la lita 4 linatosha na chenji inabaki.

Breki sasa. Hapa sina utani hata kidogo. Mji wetu umekaa kwenye mabonde na mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi kila mtu anajua ajali zake, ukienda Tukuyu ni kupanda na kushuka, ukisafiri kwenda Dar unakutana na mlima Kitonga. Starlet nyingi mbele zina diski nyuma zina shuu ndani ya ngoma, na wauzaji wanabadilisha pedi za mbele tu ili gari ionekane inashika wakati nyuma shuu zimeisha au silinda zinavuja mafuta ya breki kwenye tairi kwa ndani. Fungua ngoma za nyuma kabla hujanunua, mwenye gari akikataa achana nayo. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani, yakikaa muda mrefu yanachemka ukishuka mlima mrefu na pedali inaenda mpaka chini bila kushika, kwa hiyo yamwagwe yote yawekwe mapya kila baada ya miaka miwili. Na dogo nimemwambia kushuka ni gia, kama ni otomatiki weka 2 au L, kama ni gia za mkono shuka na ya pili, mguu wa breki unagusa na kuachia, haukai juu ya pedali mlima mzima. Kuzima gari uteremke nyutro kubana mafuta ni kujiua, breki inakuwa ngumu ghafla maana injini ndo inayoipa nguvu basta, kile kifaa kinachosaidia mguu wako kubana breki.

Ubaya wake upo. EP82 nyingi hazina eabegi na bati lake ni jepesi, kwa barabara yenye malori ya Tunduma hilo ni jambo zito, ndo maana sisi tumekubaliana gari haisafiri usiku nje ya mji. Kutu chini ya milango na kwenye sakafu upande wa abiria angalia kwa tochi, nyanyua kapeti kabisa. Kama una hela ya kutosha ya IST ya 2002 iliyotunzwa, nunua IST, mi sitabishana, ni salama zaidi na spea zimejaa. Lakini kama bajeti ni ya Starlet, basi ile hela unayofikiria kuweka rimu na spika iweke kwanza kwenye tairi nne zenye meno, dogo alikuta mbili za nyuma ni vipara na alikuwa anataka kuweka muziki, tukaelewana.

Kilichobaki kwetu ni shokapu za nyuma, kwenye matuta inadunda na kulia. Za mtumba nimezikuta Mwanjelwa lakini ukizibonyeza zinarudi haraka, nyingine zina mafuta, sizitaki. Mwenye kujua duka hapa Mbeya au hata Iringa lenye mpya za EP82 aniwekee bei, nitakuja kuzifuata mwenyewe.