Chokaa ya mfuko badala ya rangi: uzoefu wangu

Nimejaribu vitu vingi vya kurembesha ukuta wa nje kwa pesa kidogo, na ninachoendelea kukinunua kila ukuta unapochakaa ni mfuko wa chokaa ya ujenzi. Sisemi ile rangi ya chokaa inayouzwa kwenye kopo ikiwa imekwisha kuchanganywa. Nasema ule unga mweupe ambao mafundi huutia kwenye lipu. Mfuko mmoja ukipata maji hutoa ndoo kwa ndoo, na gharama yake haikaribii hata kidogo ile ya debe la rangi. Nimeupaka ukuta wa uani, stoo ya vifaa vya bustani ndani na nje, mawe ya kingo za vitalu na mashina ya miti michanga. Haya ni maoni yangu kutokana na kazi hizo.

Ukitaka kuielewa chokaa, sahau kwanza habari za rangi. Rangi ya kopo hupoteza maji na kuacha utando juu ya ukuta. Chokaa yenyewe hurudi kuwa jiwe. Mawe yake huchomwa tanurini kwa joto la nyuzi 900 hivi hadi hewa ya ukaa iliyomo itoke, kisha huzimwa kwa maji yakawa unga. Unga huo ukipakwa ukutani huvuta tena hewa ya ukaa polepole na kugeuka kuwa kile kile kilichoingia tanurini. Sasa, mgeuko huo unahitaji unyevu. Ukuta ukikauka upesi kupita kiasi kazi hukatikia njiani, na unachobaki nacho ni vumbi la kuchafua shati la kila anayepita karibu. Anayelalamika kwamba chokaa haishiki, muulize alipaka saa ngapi. Mara nyingi utasikia ni mchana wa jua kali, tena juu ya ukuta mkavu.

Dukani kuna mtego. Chokaa ya shambani, ile ya kupunguza tindikali ya udongo, mara nyingi ni mawe yaliyosagwa tu. Haijachomwa, kwa hiyo haitashika ukutani hata ukiibembeleza. Unayoitaka ni chokaa iliyozimwa. Ile isiyozimwa usiiguse kama huna uzoefu, maana ikikutana na maji huchemka na kurusha matone ya moto. Na hata ile sahihi inaweza kuwa imekufa: mfuko ukikaa wazi au ukichanika, unga unakutana na hewa na kumaliza mgeuko wake humo humo mfukoni. Mimi huchota kijiko kimoja nikakidondoshea siki. Chokaa hai hutulia, ila iliyokwisha kurudi jiwe hutoa povu kwa nguvu. Kipimo hiki ni rahisi na kimenizuia kununua mifuko ambayo kwa nje ilionekana mizima kabisa.

Kuchanganya hakuna ujuzi mkubwa. Ndoo iwe ya plastiki, si ya alumini, kwani chokaa huila alumini. Tia maji kwanza, unga ufuate kidogo kidogo huku unakoroga, hadi upate uji mzito. Uache ulale angalau usiku mmoja. Kesho yake uongezee maji hadi uwe mwepesi kama maziwa, halafu uchuje kwa kitambaa au chekecheke la matundu madogo. Hapo kwenye wepesi ndipo watu wanaposhindwa kuamini. Mkono unatamani kitu kizito kifunike ukuta mara moja, lakini chokaa nzito hupasuka na kubanduka magamba. Tabaka tatu hadi tano nyembamba, zenye siku nzima kati yake, zinashinda tabaka moja nene siku zote.

Ukuta wenyewe uwe unakunywa maji. Dondosha tone: likizama, endelea, likisimama au kuteleza, kuna rangi ya zamani au kitu kingine kimeziba vitundu, na chokaa haitapata pa kushika. Matofali ya udongo, mawe, lipu ya saruji isiyopakwa, udongo mgumu, vyote vinafaa. Juu ya rangi ya mafuta au ya plastiki, usijisumbue, ama uikwangue yote kwanza. Ukishapiga brashi kavu kuondoa vumbi, rashia ukuta maji hadi unyevu uingie ndani bila kuacha maji yanayong'aa juu, kisha paka kwa brashi pana ya nywele ngumu. Nachagua asubuhi mapema upande wenye kivuli, au siku ya mawingu isiyo na mvua. Kukiwa na upepo mkavu narashia maji mepesi tena baada ya tabaka kushika.

Jambo linalowatia watu wasiwasi: ikiwa mbichi, chokaa karibu haionekani. Unapaka, unaangalia, unaona kama umelowesha ukuta tu. Ngoja ikauke. Weupe unajitokeza saa zinavyokwenda, na kila tabaka inaongeza. Huo weupe ndio ninaoupenda kuliko wa rangi yoyote ya kopo. Hauna mng'aro wa plastiki, na mwanga wa jioni unaufanya ukuta wenye mabonde uonekane umekusudiwa kuwa hivyo.

Ukitaka rangi nyingine, tumia unga wa rangi wa madini: oksidi za chuma kwa nyekundu, njano na nyeusi. Uzito wa unga huo usizidi kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa chokaa, la sivyo unadhoofisha mshiko. Loweka unga kwa maji kando kabla ya kuuchanganya, na changanya ya ukuta wote kwa pamoja, kwa sababu kulinganisha ndoo ya pili na ya kwanza ni balaa. Ikikauka hupauka sana, hivyo jaribu kwenye kipande cha tofali. Rangi za vitambaa na nyingine zisizo za madini huliwa na chokaa au kufifishwa na jua.

Kuhusu chumvi, ambayo kila mtu atakushauri uiongeze: inasaidia kuweka unyevu, ni kweli, lakini huendelea kuvuta unyevu baadaye na kuozesha misumari. Mimi siitii. Kurashia maji kunafanya kazi ile ile na hakuna kinachobaki nyuma.

Bustanini chokaa imenifaa zaidi kuliko nilivyotarajia. Mashina ya miti michanga yaliyopakwa hurudisha mwanga wa jua, na gome halipasuki kwa joto la mchana. Stoo yangu imekuwa na mwanga zaidi ndani bila taa ya ziada, na kona zilizokuwa na ukungu zimebaki safi kwa muda mrefu, kwa kuwa ukungu haupendi mazingira makali ya chokaa mbichi. Ila tandika turubai chini. Matone yanapandisha hali ya udongo kuelekea upande wa chokaa, na mimea inayopenda udongo wa tindikali itanyongea. Na maji ya kuoshea brashi yasikaribie bwawa la samaki.

Usalama sifanyi mzaha nao. Chokaa mbichi hufika 12 na zaidi kwenye pH, kipimo cha tindikali na ukali wa aina ya chokaa, yaani inaweza kuunguza ngozi na macho. Glavu, mikono mirefu, na miwani inayofunga pembeni, hasa ukipaka juu ya kichwa. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka bila kukoma kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali. Watoto wakae mbali hadi ukuta ukauke.

Udhaifu wake? Hata iliyopakwa vizuri huacha weupe kidogo kwenye nguo ikisuguliwa, kwa hiyo haifai ukutani nyuma ya benchi, kwenye korido nyembamba wala karibu na kitanda. Ukuta unaopigwa na mvua moja kwa moja huchakaa upesi kuliko uliokaa chini ya mapaa, na utalazimika kuurudia. Kwangu kurudia si shida, kwani ni kurashia maji na kupiga tabaka moja bila kukwangua kitu. Ila anayetaka kupaka mara moja na kusahau, akanunue rangi.

Iliyobaki ndooni naifunika kwa maji na mfuniko unaobana. Haiharibiki, inazidi kuwa laini.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nainyima kwa sababu mifuko mingi niliyoiona haina tarehe ya kutengenezwa, na kwenye bidhaa inayokufa kwa kukaa hewani, tarehe ndiyo ingekuwa habari ya kwanza kuandikwa.