Tahrir bila Tutankhamun: uzoefu wangu na dhahabu ya Psusennes wa Kwanza

Tangu kinyago cha dhahabu cha farao Tutankhamun kihamishiwe Giza, kwenye Makumbusho Makuu ya Misri yaliyozinduliwa Novemba 2025, mawakala wengi wa utalii wameifuta Tahrir, yaani makumbusho ya zamani ya Cairo kwenye uwanja wa Tahrir, kwenye ratiba zao. Ukiuliza unaambiwa dhahabu yote imehama. Si kweli, na ukilikubali jibu hilo umepunjwa. Hazina ya Tanis, iliyotoka makaburini mwa farao Psusennes na wenzake, imo kwenye jumba hili kongwe la mwaka 1902, na kwa mtu anayetaka kuona jinsi dhahabu ya mfalme ilivyofuliwa, naiweka mbele ya ile ya Giza.

Psusennes wa Kwanza alitawala katika Nasaba ya 21, takriban miaka 1000 K.K., akazikwa Tanis, upande wa mashariki wa delta ya Nile. Mfaransa Pierre Montet alilifikia kaburi lake Machi 1939, na jeneza lenyewe likafunguliwa Februari 1940. Ulaya ilikuwa vitani, magazeti hayakuwa na nafasi ya farao, ndiyo maana jina lake halijulikani mitaani. Lakini chumba chake wezi hawakuwahi kukigusa, wakati kaburi la Tutankhamun liliingiliwa mara mbili enzi za kale kabla ya kufungwa tena.

Usitegemee viti, magari ya farasi wala vitanda vilivyopakwa dhahabu. Udongo wa delta una maji. Mbao na vitambaa vilioza vyote, na mwili wenyewe ukabaki mifupa. Kilichosalia ni mawe na madini tu. Kwa hiyo karibu kila utakachokiona ni dhahabu au fedha iliyofuliwa kweli, si ubao uliofunikwa karatasi ya dhahabu.

Anza na kinyago. Kina urefu wa sentimita 48 hivi, kile cha Tutankhamun kina 54. Tofauti kubwa iko kwenye mapambo: cha Tutankhamun kimejazwa mistari ya buluu kichwa kizima, hiki kimeachwa dhahabu tupu isipokuwa macho, nyusi na kamba za ndevu, palipowekwa lapisi lazuli (jiwe la thamani la buluu) na vioo vya rangi. Kwa hiyo kazi ya nyundo haina pa kujificha. Unene hauzidi milimita 0.6, yaani kama mabati mawili ya geji 30 yaliyolaliana, na bado uso umetoka laini bila kovu. Ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa lehemu na kukazwa kwa misumari mitano inayoonekana kwa nyuma. Wageni wengi hupiga picha ya mbele na kuondoka. Zunguka.

Kisha jeneza la fedha (ile ya madini, si ya mfukoni). Hapa ndipo ninapowaomba watu wasipite haraka. Misri ilikuwa na dhahabu yake jangwani na kusini Nubia, lakini fedha nyingi ililetwa kutoka nje, na kuna zama ilipozidi dhahabu kwa thamani. Kwa imani yao, nyama ya miungu ilikuwa dhahabu na mifupa yake fedha. Mfalme huyu amelazwa ndani ya jeneza zima la fedha lenye umbo la mtu, na paji la uso limefungwa utepe wa dhahabu wenye nyoka aliyeinua kichwa. Ukiona sehemu za fedha zimeingia weusi, usidhani ni uchafu: ni salfa ya hewani inavyoila fedha, jambo ambalo dhahabu haipati. Sonara yeyote wa Kariakoo atakueleza hivyo hivyo.

Jeneza hilo lilikuwa ndani ya jingine la itale (graniti) nyeusi, nalo ndani ya sanduku la itale ya waridi ambalo halikuwa lake. Lilichongwa kwa ajili ya farao Merenptah, aliyekufa zaidi ya miaka 150 kabla yake. Mafundi wa Psusennes walifuta majina ya mwenyewe wakachonga ya bosi wao, wakaliacha moja kwenye mkanda wa sanamu ya juu ya kifuniko. Mitumba ya kifalme.

Vitu vidogo ndivyo vitakavyokula muda wako. Tafuta vifuniko vya dhahabu vya vidole, vya mikono na vya miguu, vilivyochorwa kucha. Na ndara za dhahabu ambazo hakuna aliyewahi kuzitembelea. Kuna bamba la dhahabu, kubwa kuliko simu kidogo, lililofunika mkato wa tumboni ambapo wakaushaji maiti walitolea matumbo. Limechorwa jicho la mungu Horus katikati. Kwenye mkufu mmoja wa shanga za lapisi, shanga moja ina maandishi ya kikabari, mwandiko wa kale wa Mesopotamia: waziri wa Ashuru, ufalme wa huko, aliitoa kwa miungu kwa ajili ya binti yake mkubwa. Shanga ya msichana wa Ashuru ikaishia shingoni mwa farao. Na usikose bakuli la Wendebauendjed, jemadari aliyezikwa kaburi hilo hilo, lenye wasichana wanaoogelea kati ya samaki na bata.

Sasa ya kufanya. Shuka metro kituo cha Sadat, njia ya 1 au ya 2, utatokea uwanjani Tahrir. Nilipokata tiketi, mgeni mtu mzima alilipa pauni 550 za Misri na mwanafunzi nusu yake. Bei hupanda, kwa hiyo angalia kabla, na uwe na kadi ya benki. Fika saa tatu asubuhi milango inapofunguliwa. Makundi huanzia ukumbi wa chini kwenye masanamu. Wewe panda moja kwa moja ghorofa ya juu, uliza “Tanis”. Jua likishapanda, vioo vya makabati hurudisha mwanga. Simama pembeni ya kabati badala ya mbele yake, na vaa nguo nyeusi usijione mwenyewe kwenye kioo. Flashi hairuhusiwi, na kwa vyumba vya dhahabu muulize mlinzi kabla hata ya kutoa simu. Tenga saa moja na nusu kwa Tanis peke yake.

Baadhi ya vipande husafiri kwenye maonyesho ya nje, kwa hiyo usishangae kukuta nafasi tupu. Bangili moja ya Amenemope, mrithi wa Psusennes, usihangaike kuitafuta. Septemba 2025 iliibwa kwenye kasha la maabara ya ukarabati, ikauzwa kwa pauni 180,000, mnunuzi akaiuza tena kwa 194,000, na kiwandani ikayeyushwa pamoja na vitu vingine vya dhahabu.