George Formby kwenye diski mbili: nunua kwa ajili ya mkono wa kulia

Mkusanyo huu wa nyimbo za George Formby una diski mbili na kijikaratasi chembamba chenye picha yake akicheka meno yote nje. Nilitoa pauni chini ya kumi. Naandika kama mpiga ukulele, yaani gitaa dogo la nyuzi nne, na niseme mapema kwamba nampenda sana mtu huyu, kwa hiyo pale ninapoulaumu mkusanyo ujue nimeulaumu kwa uchungu.

Kwa asiyemfahamu: Formby alizaliwa Wigan, Lancashire, mwaka 1904, na kuanzia katikati ya miaka ya 1930 hadi wakati wa vita alikuwa miongoni mwa nyota wa sinema waliopendwa kuliko wote Uingereza. Kwenye filamu zake yeye ndiye kijana mwenye haya, mzito wa kuelewa, anayeonewa na kila mtu, halafu mwishoni anashinda mbio na kumpata msichana. *No Limit* ya 1935, ile ya mashindano ya pikipiki ya kisiwa cha Man, ndiyo iliyompaisha. Katikati ya vituko vyote hivyo husimama, akashika banjolele na kuimba.

Na banjolele ndiyo sababu ya kununua diski hizi. Ni chombo kidogo chenye kiwambo cha ngozi kama banjo, lakini shingo na nyuzi nne ni za ukulele, kwa hiyo kinalia kwa ukali na sauti inakatika upesi. Ndiyo maana mkono wa kulia unalazimika kufanya kazi bila kupumzika. Formby alikuwa na pigo lake ambalo wapigaji wanalisaka hadi leo: kidole cha shahada kinashuka na nyuzi zote, kinapanda kikigusa uzi wa kwanza peke yake, kisha kinashuka tena kikiudonoa wa nne. Ukilirudia kwa kasi, mkazo unahamahama, na sikio linadhani kuna watu wawili wanapiga. Sikiliza kipande cha ala tupu katika "When I'm Cleaning Windows". Bendi inarudi nyuma, yeye anabaki mbele, na mdundo unateleza kando bila kuanguka hata mara moja. Nimekirudia kipande hicho mpaka nakiimba kwa mdomo nikipika.

Ajabu ni kwamba hakujua kusoma noti za muziki, na mwenyewe hakulificha jambo hilo. Inasemekana mkewe, Beryl, ndiye aliyekuwa akimtengenezea ala kadhaa, kila moja imekazwa kwa ufunguo wake, na yeye anabadilisha ala tu wimbo unapobadilika. Huyo Beryl Ingham anastahili mkusanyo wake. Alikuwa mcheza ngoma ya viatu vya mbao, walioana 1924, na akaacha jukwaa lake ili alisimamie la mumewe. Alisimamia kila kitu: mikataba, mavazi, waigizaji wa kike waliosogea karibu mno, na fedha. Wengi wamemwandika kama dikteta. Mimi nasikiliza rekodi za mwanzoni, kijana akiiga vichekesho vya marehemu baba yake, halafu nasikiliza za baada ya Beryl kushika hatamu, na nasikia msanii amepata umbo.

Baba yake naye aliitwa George Formby, nyota mkubwa wa kumbi za burudani, aliyeugua kifua kikuu na akageuza kikohozi chake kuwa sehemu ya kichekesho. Hakutaka mwanawe aingie jukwaani. Alimpeleka akiwa na miaka saba akafundwe kuwa mpanda farasi wa mashindano. Baba akafariki 1921, na mwaka huohuo kijana akapanda jukwaani, kwanza kwa jina la upande wa mama, Hoy.

Maneno ya nyimbo sasa. Aliyekulia kwenye taarabu atamwelewa Formby haraka kuliko anavyodhani, kwa sababu nyimbo zake nyingi ni mafumbo. Msafisha madirisha anaona mambo ya chumbani. Pipi ya kijiti ya Blackpool inaimbwa kwa namna ambayo kila mtu ukumbini anajua si pipi. BBC walizipiga marufuku zote mbili, na hazikupungukiwa na wasikilizaji. Lafudhi yake ni ya Lancashire, nzito, na kijikaratasi hakina maneno ya nyimbo hata moja. Hilo ni kosa la waliotayarisha mkusanyo. Kwa mwimbaji wa mafumbo, maneno ni nusu ya mali.

Kuna nyimbo ninazoziruka. Zile za Mr Wu, kuanzia "Chinese Laundry Blues" ya 1932, zinamfanya Mchina mfua nguo kuwa kikaragosi, na kipaji cha mkono hakilifuti hilo. Nalisema kwa sababu mtu huyuhuyu, alipozuru Afrika Kusini na Beryl mwaka 1946, walikataa kupiga kwenye kumbi zilizotenganisha watu kwa rangi. Mwandishi wa maisha yake anasimulia kwamba msichana mdogo mweusi alimpa Beryl boksi la chokoleti, Formby akamkumbatia mtoto, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Daniel Malan, ambaye baadaye alileta ubaguzi wa kisheria, akapiga simu kulalamika. Beryl akamfukuza kwa tusi. Kijikaratasi kina kurasa kadhaa na hakigusi safari hiyo hata kwa mstari mmoja. Kinatumia nafasi yote kurudia kwamba alikuwa mchangamfu.

Sauti imesafishwa kupita kiasi. Mchakarisho wa santuri umeondolewa, ndiyo, lakini umeondoka na ile ncha kali ya ngozi, na kwenye baadhi ya nyimbo banjolele inasikika kama imefunikwa kitambaa. Mpangilio nao hauna mantiki: wimbo wa 1941 unafuatwa na wa 1933, na tarehe hazikuandikwa, kwa hiyo mgeni hawezi kusikia jinsi pigo lilivyokomaa. Diski ya kwanza imejazwa nyimbo za kasi mfululizo, na ukizisikiliza zote kwa mkao mmoja utachoka.

Hata hivyo natoa shauri hili bila kusita: ununue. Beryl alifariki mkesha wa Krismasi 1960, Formby akamfuata Machi 1961, na wakati wa mazishi yake Warrington inakadiriwa watu 150,000 walijipanga njiani. Anza na diski ya pili, wimbo wa "Leaning on a Lamp-post" wa 1937. Hauna fumbo wala haraka. Ni mtu amesimama anamngoja msichana apite, na sauti yake nyembamba ya puani inatua mahali pake kabisa. Kama wewe ni mpiga ukulele, tumia programu ya kupunguza kasi kwenye vipande vya ala tupu, na ufunge kidole plasta kwanza.