Beringi za magurudumu ya mbele kwa gari la zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka, tena ukabadilika ukikata kona, mara nyingi ni beringi. Ukikata kulia mvumo ukazidi, shuku beringi ya kushoto, maana uzito umeegemea huko. Tairi lililolika vibaya nalo huvuma, basi usikimbilie dukani. Piga jeki, shika springi ya mbele kwa vidole, zungusha gurudumu kwa mkono. Beringi iliyochoka utaisikia ikikwaruza hadi kwenye springi.

Nafasi ya kwanza naipa habu (kitovu cha gurudumu) kamili inayofungwa kwa bolti, beringi ikiwa ndani tayari, ya mtengenezaji wa beringi anayejulikana: SKF, FAG, Timken, NSK, NTN au Koyo. Haihitaji presi, yaani mashine ya kushindilia, na fundi hana nafasi kubwa ya kuiharibu. Tatizo ni moja: gari lako huenda halitumii aina hiyo, na hapo huna la kuchagua.

Ya pili ni beringi ya kushindilia kwa presi, ya majina hayohayo. Yenyewe ni bei nafuu, ila ufundi ndio hugharimu. Ikishindiliwa kwenye nyumba yake, yaani tundu la chuma inamokaa, nguvu ipite ringi ya nje; ikipita ya ndani, gololi huchimba njia zake na mvumo utarudi mapema. Nyundo, hapana. Kagua pia habu ya zamani: ringi ikiwa imezunguka juu yake na kuila, nunua na habu. Kwa gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), beringi nyingi zina sili yenye sumaku upande mmoja tu, na upande huo lazima uelekee sensa. Sogeza kibanio cha karatasi, kitavutwa upande wenye sumaku. Ukigeuza, taa ya ABS itawaka dashibodini na kazi yote inarudiwa.

Boksi la kampuni ya gari naliweka la tatu, si kwa ubaya. Mara nyingi ndani yake mna beringi ya mmoja wa hao niliowataja, nawe unalipia boksi. Linafaa pale unapohofia feki.

Habu ya mtumba ni ya dharura tu; huwezi kujua imepita mashimo mangapi. Ya mwisho ni ile isiyo na jina wala namba iliyochongwa kwenye chuma. Hiyo iache hata ukipunguziwa.

Magari ya zamani zaidi yana beringi mbili za koni kila gurudumu, za kupakwa grisi na kukazwa kwa kipimo. Hizo nunua pamoja na ringi zake za nje na sili mpya, usichanganye koni mpya na ringi kuukuu.

Chochote utakachochagua, nunua na nati mpya ya ekseli. Ikazwe kwa spana ya kipimo, na gari lisishushwe kwenye matairi kabla haijakazwa.