Bandama ya Duma: tathmini ya upasuaji wa mbwa katika kliniki moja ya Dar es Salaam

Duma ni mbwa jike, chotara wa German Shepherd, mwenye umri wa miaka tisa na uzito wa kilo 31. Asubuhi niliyompeleka katika kliniki hii alishindwa kupanda ngazi mbili za baraza letu, fizi zake zilikuwa nyeupe kama ugali wa sembe, na tumbo lilikuwa limejaa ingawa hakuwa amekula tangu jana yake. Siku sita kabla ya hapo alitibiwa mahali pengine kwa homa ya kupe, akachomwa sindano, akapata nafuu ya siku mbili, kisha akalegea tena. Ninaelewa kwa nini walianza na kupe, kwa sababu katika ukanda wetu kupe ndio hushukiwa kwanza mbwa anapopungukiwa damu. Ninachowalaumu ni kwamba hakuna aliyemgusa tumbo.

Hapa walimgusa kabla hata sijamaliza kueleza. Daktari aliweka viganja vyake pande mbili za mbavu za mwisho, akabonyeza polepole, akaagiza altrasaundi papo hapo. Skrini ilionyesha uvimbe kwenye bandama, ambayo wengine huiita wengu, na maji meusi kuizunguka. Alichoma sindano tumboni, akavuta damu, akaiweka kwenye kichupa mezani mbele yangu na kuniomba niitazame. Dakika kumi baadaye ilikuwa bado nyepesi, inatiririka kila alipokiinamisha kichupa. Alinieleza kwamba damu iliyochomwa kwa bahati mbaya kutoka kwenye mshipa ingeganda, lakini ile iliyokwisha kumwagika tumboni na kukaa humo haigandi tena. Kiwango cha chembe nyekundu kilikuwa asilimia 19, ilhali mbwa mzima huwa na kati ya 37 na 55.

Kilichonifanya niandike tathmini hii ni mazungumzo yaliyofuata. "Mama, sikufichi," aliniambia, na kweli hakunificha. Alisema wapasuaji wana kadirio lao la siku nyingi, kwamba katika kila mbwa watatu wenye uvimbe wa bandama, wawili hukutwa na saratani, na sehemu kubwa ya saratani hizo ni ile mbaya ya mishipa ya damu, ambayo huwapata zaidi mbwa wakubwa wa aina ya Duma na ambayo mara nyingi humwacha mbwa na miezi michache tu hata baada ya upasuaji. Alisema pia kwamba hakuna macho wala altrasaundi inayoweza kutenganisha uvimbe mbaya na usio mbaya kabla ya kupasua. Alinipa dakika chache nikae peke yangu na mbwa wangu, kisha nikatia saini.

Damu ya kumwongezea Duma ilichukuliwa kutoka kwa mbwa wa jirani yangu, dume la kilo 38 lenye afya njema, baada ya kulinganishwa na ya Duma. Upasuaji ulichukua saa moja na nusu. Daktari alipotoka alinionyesha bandama ikiwa kwenye beseni la chuma: ndefu kama ulimi wa ng'ombe, rangi ya zambarau iliyokolea, na upande mmoja una fundo la ukubwa wa chungwa, limepasuka na kuziba kwa donge la damu. Kwa kidole alinionyesha ukingo ambako alifunga mishipa midogo mmoja baada ya mwingine. Nilimwuliza kwa nini hakufunga ule mshipa mkubwa mara moja ili amalize haraka. Alinijibu kwamba mshipa huo, kabla haujafika kwenye bandama, hutoa matawi yanayolisha upande wa kushoto wa kongosho, kiungo kinachotoa majimaji ya kusaga chakula, na anayeufunga mapema mno huweza kuliacha kongosho bila damu. Kongosho lenyewe halipendi kushikwashikwa. Likiminywa wakati wa upasuaji huweza kuvimba, na mbwa akaanza kutapika na kuumwa tumbo vibaya wakati mwenyewe anadhani hatari imepita. Ndiyo maana Duma alianzishiwa chakula kidogokidogo kisicho na mafuta, kuku wa kuchemsha na wali, na kila mlo uliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kizimba chake.

Sasa nieleze kilichoniudhi. Siku moja hadi tatu baada ya kuondolewa bandama, mbwa wengi hupatwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na daktari mwenyewe alikuwa amenionya. Usiku wa pili mapigo ya Duma yalivurugika. Kijana wa zamu aliyagundua na kumpigia daktari, ambaye alifika akamwekea lignokaini kwenye dripu, dawa ileile ambayo madaktari wa meno huitumia kwa ganzi, na moyo ukatulia. Hata hivyo nilikuja kujua kwamba kijana huyo alikuwa peke yake na wanyama kumi na mmoja, na mashine ya kupima umeme wa moyo ilikuwa moja tu. Kliniki inayofanya upasuaji wa kiwango hiki inapaswa kuwa na watu wawili usiku. Vilevile, nilikadiriwa shilingi 850,000 na nikalipa 1,240,000. Kila kilichoongezwa kilikuwa na sababu yake, yaani damu, dawa za moyo na maabara, lakini niliyaona yote kwa mara ya kwanza siku ya kumchukua mbwa.

Majibu ya kipande kilichohifadhiwa kwenye fomalini yalichukua siku kumi na sita, nami sikulala vizuri hata siku moja kati ya hizo. Haikuwa saratani, lilikuwa donge la damu ndani ya bandama iliyoota vinundu vya kawaida vya uzee. Daktari alinipigia mwenyewe, saa moja asubuhi, kabla hajafungua kliniki.

Ni miezi minne sasa na Duma anapanda ngazi za baraza mbiombio. Nimeagizwa nimkinge na kupe kwa maisha yake yote, kwa kuwa mbwa asiye na bandama huelemewa haraka na vijidudu vinavyoishi ndani ya chembe nyekundu za damu. Kwa mwenye mbwa mkubwa aliyepauka fizi ghafla, ningemwelekeza hapa bila kusita, ila aulize kwanza nani atakesha, na aombe makadirio ya gharama kwa maandishi, damu na maabara vikiwemo.