Smog Check ya California: kinachoamua ni wiki mbili kabla ya ukaguzi

Nawaandikia wenzangu wa California wenye magari yaliyokwisha tembea sana, hasa Prius na Corolla za kazi. Smog Check ni ukaguzi wa moshi wa gari unaodaiwa na jimbo, na huduma yenyewe naipa alama nzuri. Gari la petroli la mwaka 2000 kuja mbele likiwa zima hukaguliwa haraka, na majibu yanakwenda DMV, idara ya jimbo ya usajili wa magari, kwa mtandao bila wewe kubeba karatasi yoyote. Wanaokwama wengi, magari yao ni mazima. Wamekwama kwa sababu ya namna walivyoliandaa gari.

Katika maeneo mengi ya jimbo, gari la petroli la 1976 na kuendelea hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, wakati wa kulipia usajili. Likiwa bado na umri wa miaka 8 au chini, unalipa ada na kusamehewa ukaguzi. Magari ya umeme mtupu na pikipiki hazimo. Haibridi, zenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja kama Prius, zimo, na hapa wengi wanajidanganya kwamba betri kubwa inawaokoa. Ukinunua gari kwa mtu na limezidi miaka 4, cheti cha Smog Check ni wajibu wa muuzaji, tena kiwe kimetolewa ndani ya siku 90. Usikubali akuambie utashughulikia mwenyewe.

Kwa gari la 2000 kuja mbele, hakuna kifaa kinachochomekwa kwenye ekzosi. Fundi anachomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, kisha anafungua swichi bila kupiga stata ili aone taa ya injini inawaka. Taa isiyowaka hapo ni kufeli, kwa hiyo aliyetoa balbu amejiponza. Injini ikishanguruma, taa hiyo lazima izimike. Mashine inasoma misimbo ya hitilafu na pia programu ya kompyuta ya gari. Tangu Julai 2021, programu iliyochezewa ili kuongeza nguvu inaangusha gari. Fundi anaangalia pia moshi unaoonekana kwa macho, na anakagua mabomba ya mpira na vifaa vyote vya kudhibiti moshi kuona kama vipo mahali pake. Magari ya 1976 hadi 1999, kwenye maeneo ya miji mikubwa, ndiyo yanayopandishwa kwenye rola na kupimwa moshi kwa mwendo wa maili 15 na 25 kwa saa.

Sasa tuje kwenye monita, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kompyuta ya gari ina majaribio yake ya ndani, ndiyo hizo monita: inajipima masega ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi, catalytic converter), sensa za oksijeni, mfumo wa mvuke wa petroli na kadhalika. Ukichomoa betri au ukifuta msimbo kwa mashine, majaribio yote yanarudi sifuri. Taa imezimika, gari linakwenda vizuri, lakini kituoni linaonekana halijajipima. Kwa petroli ya 2000 kuja mbele, ni monita ya mvuke tu inayoruhusiwa kuwa haijakamilika. Ya 1996 hadi 1999 inaruhusiwa moja yoyote. Kufuta msimbo asubuhi ya ukaguzi, basi, ni kulipia kipimo bure. Tena tangu Julai 2019, kwa magari mengi ya 2010 kuja mbele, wanaangalia misimbo ya kudumu ambayo mashine ya fundi haiwezi kuifuta. Gari lenyewe ndilo huifuta likithibitisha limepona. Bila hivyo, unatakiwa uwe umetembea angalau maili 200 na injini iwe imepashwa moto mara 15 tangu ulipofuta.

Utaratibu ninaoupendekeza: tangi liwe kati ya robo na robo tatu, kwa sababu likijaa au likikauka monita ya mvuke haifanyi kazi. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi washa, liache lingurume dakika mbili tatu, kisha ingia barabara kuu na ushike maili 55 kwa saa bila kubadilisha kwa dakika 10 hadi 15. Pakiwa salama, achia mafuta na uache mwendo ushuke wenyewe bila kukanyaga breki. Rudia siku kadhaa. Kila kampuni ina utaratibu wake, ila huu unafaa magari mengi. Prius inataka subira zaidi kwa kuwa injini yake huzimika kila mara njiani. Nunua kisomeo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ile na kuunganisha na simu, bei yake si kubwa, uone monita zote zimekamilika kabla hujakwenda.

Prius za 2004 hadi 2009 zina balaa la pili: wezi wa masega. Ukiibiwa, dukani utakuta masega ya bei rahisi yanayokubalika majimbo mengine. Fundi wa ukaguzi analala chini na kutafuta namba ya kibali cha California, ile inayoanza na herufi D na kugongwa kwenye bati la nje pamoja na mshale wa mwelekeo wa moshi. Masega ya dukani yasiyo na namba hiyo, au yenye namba ya gari jingine, yanafeli hata kama moshi ni safi. Mwambie anayekufungia akuonyeshe namba kabla hajachomelea. Kichungi cha hewa cha kuongeza nguvu nacho kinadai kibali cha aina hiyo.

Bei ya kupima haipangwi na jimbo, hivyo piga simu ulinganishe. Cheti ni dola 8.25 na kinalipiwa ukifaulu tu. Barua ya DMV ikisema STAR, yaani kituo chenye idhini maalumu ya jimbo, kituo cha kawaida hakikufai. Mimi napendelea vituo vya kupima pekee, visivyofanya matengenezo, kwa kuwa havina faida yoyote gari lako likifeli. Unaweza pia kuomba kipimo cha awali kisichopelekwa kwenye rekodi.

Likifeli na kipato chako ni kidogo, omba msaada wa Consumer Assistance Program wa BAR, idara ya jimbo inayosimamia ukaguzi huu, kabla ya kutengeneza. Ukitengeneza kwanza hawakurudishii. Ada za usajili zilipe kwa tarehe yake hata kama cheti bado, usije ukaongezewa faini, kisha uulize DMV kibali cha muda cha siku 60 uendelee kutembea wakati fundi anamalizia.