Wakili aliyesoma ramani kuliko mimi nilivyoisoma nyumba

Huyu, aliyetusimamia kununua nyumba, alikuwa wakili wangu wa pili. Wa kwanza nilimchagua kwa sababu alikuwa wa bei ndogo, kisha kila barua ikaja na ada yake. Mara gharama za usajili, mara nakala, mara "mengineyo". Safari hii swali langu la kwanza lilikuwa: ada yako ni ipi, na nje yake nitalipa nini? Akaniandikia ukurasa mmoja, ada yake upande huu, malipo ya serikali upande ule.

Kilichonifurahisha hasa ni upekuzi wa hati. Mimi nilishaipenda nyumba, hasa ule ua wa nyuma. Yeye akaitandaza ramani mezani, akaweka kalamu juu ya mstari mwembamba: jirani ana haki ya kupita humo humo uani. Muuzaji hakuwahi kuligusia. Tena rehani ya benki ilikuwa bado haijafutwa, kwa hiyo akaweka sharti kwenye mkataba kwamba deni lilipwe kutokana na pesa yetu kabla muuzaji hajashika chochote.

Alituuliza pia, mimi na mume wangu, kama tunamiliki kwa pamoja, mmoja akifa anayebaki arithi yote, au kila mtu na fungu lake. Tuliangaliana tu.

Kasoro yake ni simu. Hapokei! Ukimwandikia, atajibu jioni. Nyumba tuliichukua, bei ikiwa imepungua kidogo kwa ajili ya ile njia.